Kamba ya Kona kwa Kona

Wapendwa, naomba niwasimulie kwa kifupi. Mkiona inafaa, wapelekeeni na wengine.

Katika milima ya Upare alifariki mzee mmoja. Aliacha shamba moja la tangawizi na watoto wawili: Elinami, na mdogo wake Nakijwa, mjane aliyekuwa akilea watoto peke yake.

Katika ukoo wao, mkubwa ndiye huvuta kamba kutoka kona hadi kona, na mdogo huchagua kwanza. Mashamba yao mengi ni ya mstatili, kwa hiyo pande zote mbili hutoka sawa.

Lakini hili lilikuwa trapeza. Mfereji wa juu na mfereji wa chini ilikwenda sambamba, ila wa juu ulikuwa mfupi na wa chini mrefu. Elinami alipovuta kamba mbele ya ndugu zikatoka pembetatu mbili, moja imekalia mfereji mfupi, nyingine imekalia mfereji mrefu. Kimo chao kilikuwa kimoja, lakini ya chini ilikuwa kubwa zaidi.

Nakijwa aliliona hilo. Aliitazama kamba mpaka shangazi yao akamtania, "Chagua basi, mwanangu. Hununui kitenge."

Angeweza kusema anataka ya chini, akaondoka zake. Watoto wake walikuwa wakilalia uji. Badala yake aliomba kamba ihamishwe, itoke katikati ya mfereji wa juu hadi katikati ya mfereji wa chini, ndipo nusu zote ziwe sawa.

"Kaka," alisema, "nikinyamaza leo, kila msimu nitakuwa nalima sehemu yako."

Elinami aliinamisha kichwa.

"Nilijua, mdogo wangu. Nilivuta hivyo makusudi. Nilitaka upate kubwa bila kuniomba."

Nakijwa alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Basi kwanza tugawane sawa," alisema. "Halafu unachotaka kunipa, nipe kwa mdomo, hawa wote wakisikia. Watoto wetu wasije wakasema mmoja wetu alimwibia mwenzake."

Kamba ikahamishwa. Kisha Elinami akatamka mbele ya wote kipande anachomwongezea dada yake, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Funzo: Pima kwanza kwa haki, ndipo utoe kwa upendo. Wema uliofichwa ndani ya kipimo kisicho sawa huwaachia watoto ugomvi.