Jina Moja kwa Jiwe la Ngurunga

Sikilizeni, kisha mnisaidie, maana mimi nimeshindwa.

Bondeni mwa mto Umba waliishi watu watatu. Nakijwa aliusoma mwamba kama wengine wasomavyo nyuso. Shemeji yake Kiondo alipasua jiwe bila kuumiza kilichomo ndani. Elinaza, binti wa jirani, aliona rangi tatu pale wengine walipoona moja.

Baba yake Nakijwa alikufa akichekwa, kwa kushikilia kwamba kilima cha Ngurunga kina jiwe lisilofanana na mengine. Baada ya msiba, Nakijwa akawa anapanda huko kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Siku moja akaona marumaru nyeupe imegusana na mwamba wa kale. Akalaza shavu pale, akafumba macho, akawa kama anayaona ya zamani: maji ya moto yenye madini ya boroni yakipenya polepole kwenye mawe ya chokaa, miaka isiyohesabika, hata kitu kipya kikaganda gizani.

"Chimba hapa, shemeji," alisema.

Kiondo alichimba miezi minne. Jiwe lilikuwa limebanwa ndani ya marumaru, na pigo moja la haraka lingelivunja. Akaweka nyundo chini, akaikwangua marumaru kwa patasi siku tisa. Alilitoa zima, dogo kama punje ya hindi. Kibanzi cha marumaru kilimpofua jicho moja.

Walipompelekea mnunuzi wa vito, akalitupa kwenye fungu la zabarajadi, vijiwe vya kawaida vya kijani. Elinaza akaliokota. Alipoligeuza mwangani likawa kahawia hafifu, likawa kijani, likawa kahawia iliyokolea. Akalipima uzito hewani, akalipima tena likiwa majini, akalinganisha.

"Mama, hili ni zito kuliko zabarajadi ya ukubwa huu. Ni jiwe la boroni. Ni adimu sana."

Nakijwa akakaa chini, akalia kimya.

Makumbusho yakalipokea. Mtunzaji wake akaleta kadi yenye nafasi ya jina moja tu: *Mvumbuzi*.

"Bila mimi lingekuwa bado kilimani," alisema Nakijwa taratibu.

"Bila mimi lingekuwa unga," alisema Kiondo.

"Bila mimi lingekuwa kwenye bangili ya mtu asiyelijua," alisema Elinaza.

Nakijwa alitamani jina la ukoo wa baba yake liwe pale. Akalitazama jicho la Kiondo. Akamtazama Elinaza. Wote walisema kweli.

"Wewe ndiye mkubwa, andika," wenzake wakamwambia.

Akashika kalamu, akaiinamia kadi.

Hapo ndipo nilipomwacha. Kama kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?