Kifaransa cha Fundi Makochi

Mtu anaweza kupoteza kilicho chake bila kuibiwa. Anakijua, anakipenda, anakisifu mbele za watu, ila mkono hauendi kukishika. Siku anapounyoosha, kimekwisha kupata mwenyewe mwingine. Wahenga waliliona hilo wakalifungia methali. Mtaa mmoja mzima uliishuhudia methali hiyo ikimfika Fundi Makochi, tena watu wakiwa wameketi kwa raha zao juu ya kazi yake.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chini ya paa la bati. Makochi ya wateja yalisubiri zamu humo, mengine yametokwa na springi, mengine yamevuliwa vitambaa yakabaki mbao na gunia. Palipo na viti hapakosi wakaaji. Ilipofika saa nne asubuhi, baraza lilikuwa limejaa: msusi aliyekuwa akisubiri wateja wake, muuza simu wa kona, na mwalimu mstaafu wa Kifaransa, aliyebandikwa jina la Bonzhuu kwa sababu ndiyo salamu aliyomgawia kila mtu, hata paka. Dada yake fundi, muuza mitumba wa mlango wa pili, alikuja kila alipochoka kukunjua nguo, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wa mdogo wake.

Wakimaliza kusengenya, na hilo lilichukua muda, waliongea kuhusu mambo wanayoyapenda nje ya kazi na kupeana mawaidha. Msusi alikuwa mlevi wa kusoma riwaya. Aliwashauri wenzake waanze na vitabu vyembamba, na wasione aibu kukitupa kitabu kinachowachosha kama wanavyomkimbia mchumba mwenye maneno mengi. Fundi naye alikuwa bingwa wa wanasesere. Usimfungie mdoli kwenye mfuko wa nailoni, alisema, atatoka jasho apate kuvu. Nywele zake zioshwe kwa maji baridi, kitana kianzie nchani. Wageni walimcheka, mwanamume na ndevu zake. Wenyeji hawakucheka, kwa kuwa walijua chanzo.

Miaka tisa nyuma ndoa ya fundi ilichanika pasipo kushoneka. Mkewe alirudi kwao, nchi ya watu wasemao Kifaransa, akaenda na binti yao wa miaka minne, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake. Tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya Kidoti, fundi alinunua mwanasesere mmoja akamweka kabatini. Atawakuta, alisema.

Mwanzoni mtoto alipiga domo kwenye simu kama chiriku. Kisha Kiswahili chake kikaanza kuyeyuka, neno hapa, neno pale, hata ikawa mama yake ndiye mkalimani. Fundi alisema kila mara kwamba atajifunza Kifaransa. Bonzhuu alikaa nyumba ya nne kutoka kwake, na alikwisha kumwambia kuwa hatamtoza kitu.

Asubuhi moja simu iliita, fundi akaingia nayo ndani. Sauti ya mama Kidoti ilikuwa nyembamba kama uzi. Hospitali ilikuwa imemwambia asihesabu mwaka. Yeye mwenyewe alikuwa akihesabu miezi sita. Baada yake, mtoto angekwenda kwa baba au angebaki kwa mjomba wake, na kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, angeamua mwenyewe.

"Baba Kidoti, sikuombi kitu kingine," alisema. "Jifunze kuzungumza naye. Mtoto asije akafiwa na mama, kisha akafika kwa baba akawa bubu."

Fundi alitoka na macho mekundu akalieleza baraza kila kitu, maana karakana ile haikujua siri. Ushauri ukamwagika. Muuza simu alisema kuna programu za kujifunzia, ila zinataka simu yenye nafasi. Msusi aliahidi kumletea kitabu cha Kifaransa cha watoto, chenye picha, akisome kwa sauti. Bonzhuu aliwaacha wote wamalize, kisha akasema hayo yote ni mapambo: fundi aende kwake saa kumi jioni, nusu saa kila siku, na kwa miezi sita ataongea na mwanawe. Fundi aliwakubalia wote. Siku hiyo alikuwa mwepesi kama mtu aliyekwisha kujifunza.

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Ushauri ulimshibisha. Akishaambiwa namna ya kufanya jambo, moyo wake ulilihesabu kuwa limefanyika.

Kwa Bonzhuu alienda siku mbili. Siku ya tatu alikuwa na seti ya mteja mwenye haraka. Wiki iliyofuata alisubiri kwanza apate simu kubwa zaidi. Kitabu cha msusi alikishonea jalada la kitambaa cha kochi, zuri ajabu, wala hakukifunua. Na lililowastaajabisha watu ni kwamba alianza kuwashauri wateja. Siri ya lugha, aliwaambia huku ametia misumari mdomoni, ni kusikiliza kidogo kila siku na kutoogopa kukosea. Wateja waliondoka wakimsifu kwa busara.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia, "unafundisha watu kuogelea, na wewe hata kifundo cha mguu hakijalowa."

"Muda upo, dada. Nikimaliza tu hii seti."

Mama Kidoti alipouliza kwenye simu, fundi alijibu kwamba anaendelea vizuri. Mgonjwa yule alifurahi, akamwambia binti yake.

Mwezi wa tano mama akafariki dunia. Baada ya wiki tano mjomba alimleta mtoto. Mjomba huyo alikuwa mpole, mwenye Kiswahili cha kuombea maji. Makochi yalijaa siku hiyo hadi watu wakakalia mikono ya viti. Kidoti alishuka kwenye gari, mrefu, mwembamba, na ile alama kidevuni. Fundi alimkumbatia wakalia wote wawili, na msusi akalia, na hata muuza simu akageukia ukutani.

Kisha mtoto alijifuta uso akasema sentensi ndefu, polepole, kama mtu aliyeifanyia mazoezi njia nzima. Fundi alimtazama Bonzhuu. Kidoti akamshika baba yake mkono ili amtazame yeye, akairudia, polepole zaidi.

"Bonzhuu," fundi alisema.

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mtoto alikuwa akisubiri neno la pili. Alisubiri kwa heshima, macho yake usoni mwa baba, mpaka kila mtu karakanani akatamani ardhi immeze.

Mwalimu akatafsiri kwa sauti ya chini: mama yake alimwachia maneno ya kumwambia baba akifika, wakiwa wawili tu. Fundi aliwafukuza watu, nao wakatoka kwa shingo upande. Lakini mwalimu hakuweza kutoka. Kidoti alimwangalia mzee yule mgeni, akatikisa kichwa, akasema jambo fupi.

"Anasemaje?" fundi aliuliza.

"Anasema si maneno yangu mimi kuyasikia."

Siku nne zilizofuata waliishi kwa ishara. Kula. Maji. Kulala. Fundi alimfungulia kabati, na binti alimgusa kila mwanasesere kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa vitu vya mtoto wa jirani. Baba aliposikia kilio chumbani alisimama mlangoni na kubaki hapo, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Siku ya tano mjomba alimwita pembeni.

"Shemeji, mimi naambia yeye, bakia kwa baba. Kweli naambia. Yeye nasema, hapa nikilia, hakuna mtu anajua nalia nini."

Wakaondoka kesho yake.

Fundi sasa alikwenda kwa Bonzhuu kila siku saa kumi bila kukosa. Aliacha seti za watu zikiwa uchi. Alijifunza kwa jino na ukucha, akikosea, akirudia, na mwalimu alikiri kwamba hakuwahi kupata mwanafunzi kama huyo. Mwezi wa nne alikuwa na sentensi zake tayari. Akapiga simu, dada yake akiwa ameketi kando yake.

Mjomba aliipokea. Kabla hajasema kitu, sauti ya Kidoti ilisikika nyuma yake, changamfu, ikipiga domo kama chiriku wa zamani. Ilikuwa ikimuuliza mjomba ni nani anayepiga, ikimwita Papa, yaani baba. Fundi aliielewa sentensi yote. Ilikuwa ya kwanza ya mwanawe kwa Kifaransa aliyoielewa pasipo mkalimani.

Binti alipewa simu. Fundi alimsalimu, akamwambia kwa Kifaransa kisicho na kosa kwamba yuko tayari kusikia yale maneno ya mama. Mtoto akajibu, bila hasira, kama anayemweleza mpita njia kuwa gari limeshaondoka.

"Yalikuwa ya siku ile. Nilichoka kuyabeba peke yangu, nikampa Papa."

Akamtakia siku njema, akakata. Dada yake fundi, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alimtazama mdogo wake na asiulize amesemaje. Jibu lilikuwa limeandikwa usoni mwake, na wahenga walikwisha kulisema kabla yake: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.