Kobe na Shimo la Upepo

Paukwa!

Pakawa.

Waliosinzia nao waitike. Paukwa!

Pakawa!

Basi kaeni vizuri, na mwenye mtoto mapajani amshike, maana ninayowaambia leo hayachekeshi.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisemezana kama sisi tunavyosemezana, alikuwepo Kobe. Alikaa vilimani. Alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Nyamizi. Nyamizi aliolewa mbali, upande wa ziwani. Kati ya vilima na ziwa kulikuwa na nyika. Nyika pana, nyika kavu, nyika ya miiba.

Ila njia ilikuwepo. Haikuwa nzuri. Ilipinda huku, ikapinda kule. Tembo aliikanyaga, Nyati akaikanyaga, na kila kiangazi kikianza wanyama wote walitoka wakafyeka miiba. Mwenye mbio alipita, na mwenye kujikokota alipita. Kobe mwenyewe aliwahi kuipita alipompeleka binti yake kwa mumewe. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka akafika.

Siku moja akaja Mbayuwayu akitokea ziwani. Akatua juu ya jiwe.

"Hodi, Mama Nyamizi."

"Karibu. Za huko?"

"Si nzuri sana. Nyamizi anaumwa. Hali chakula. Anasema, mwambie mama aje, nataka nimwone."

Kobe hakuuliza swali la pili. Hakumaliza hata jani alilokuwa akitafuna. Akashika njia. Kwaru, kwaru. Jua likazama, likachomoza, Kobe anatembea. Vilima vikaanza kubaki nyuma.

Hapo akakutana na Nguchiro. Nguchiro mnamfahamu. Mwepesi wa miguu, mwepesi wa maneno, hatulii mahali pamoja.

"Shikamoo, Mama Nyamizi. Unakwenda wapi na jua hili?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda ziwani. Binti yangu mgonjwa."

Nguchiro akamtazama miguu. Akatikisa kichwa.

"Kwa miguu hiyo? Mama, rudi nyumbani. Sisi tunachimba Shimo la Upepo. Linaanzia vilimani, linatokea ziwani, moja kwa moja, halipindi. Unaingia ndani ya buyu, unakaa. Upepo wa mlimani unalisukuma buyu. Fyuuu! Ukiondoka na jani mdomoni, unafika hujalimeza."

"Limekwisha kuchimbwa?"

"Bado kidogo."

Kobe akatazama mbele. Nyika ilikuwa ndefu. Akatazama miguu yake. Maisha yake yote alikuwa amechekwa kwa ajili ya miguu ile, na sasa mwanawe anamsubiri, na miguu ni ileile. Akasema moyoni: nikitembea nitachelewa, nikisubiri nitawahi.

Akageuka. Akarudi.

Kesho yake Nguchiro akawaita wanyama wote kwenye kichuguu kikubwa. Alikuwa ametoboa shimo kutoka juu ya kichuguu mpaka chini. Akaleta tikiti la porini. Akalitia juu. Fyuuuu, pu! Tikiti likatokea chini. Wanyama wakashangilia. Swala akaruka, Pundamilia akalia kwa furaha.

Nungunungu peke yake hakushangilia. "Hapo ni mteremko," alisema. "Hata jiwe lingekwenda. Nyika yetu ni tambarare. Na huo upepo, nani ameutuma uingie shimoni?"

"Wewe Nungunungu," Swala akamwambia, "huna kazi ila kuchoma wenzako."

Wakacheka. Kobe akasogea karibu. Akaliangalia lile tikiti. Lilikuwa limepasuka, maji yake yanachuruzika.

"Mwanangu Nguchiro, mbona limepasuka?"

"Buyu tutalitandika nyasi laini, Mama. Hutasikia kitu."

Basi kazi ikaanza. Mhanga alichimba kwa kucha, chaka, chaka, chaka. Ngiri alichimba kwa meno, chaka, chaka. Nguchiro hakuchimba. Nguchiro alieleza. Wanyama walimletea mayai, walimletea mende wanono, wakakaa wakamsikiliza akieleza, na kila alipoeleza, safari ilizidi kuwa fupi.

Ardhi ilikuwa ngumu. Nguchiro akasema, leteni maji ya bwawa, tuilainishe. Wakachota maji ya bwawa, wakamwaga. Ardhi ikayanywa. Wakachota tena.

Kiangazi kikafika. Ulikuwa wakati wa kufyeka njia. Nungunungu akapita kwa kila mmoja akisema, twendeni tukafyeke. Wakamjibu, tufyeke njia ya nini, na Shimo linakaribia kwisha? Akaenda peke yake. Akafyeka kidogo, akachoka, akarudi. Miiba ikaota njia nzima.

Mbayuwayu akaja.

"Mama Nyamizi, mwanao anauliza, mama yuko njiani?"

Kobe akainamisha kichwa. "Mwambie nakuja. Mwambie nakuja na upepo. Nitawahi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuja."

"Utatokea wapi, nimwambie?"

Kobe akaenda kumuuliza Nguchiro. Nguchiro akajibu bila kufikiri: "Pale penye uwazi mweupe, kando ya ziwa. Ndipo mdomo utakapofunguka."

Mbayuwayu akaruka na maneno hayo.

Kila asubuhi Kobe alikwenda kwenye Shimo. Kwaru, kwaru. "Bado?" "Karibu." Kesho tena. "Bado?" "Karibu sana, Mama." Siku moja wakafika kwenye mwamba. Mhanga akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Nguchiro akasema, tutauzunguka. Wakaanza kuuzunguka. Ndipo udongo ulioloweshwa ukalegea. Buuuu! Shimo likaanguka. Ngiri akachomoka akikohoa vumbi. Mhanga hakutoka. Wakamwita. Wakakwangua udongo kwa kwato na kwa midomo. Mhanga hakutoka.

Jioni wakaenda bwawani kunywa. Bwawa lilikuwa tope.

Wakamgeukia Nguchiro. Nguchiro alikuwa anajipangusa manyoya. "Wazo langu ni zuri," alisema. "Mlichimba vibaya. Na isitoshe, nyinyi bado hamjawa tayari kwa mambo haya." Kulipopambazuka hakuwepo. Baadaye walisikia yuko vilima vya mbali, amewakusanya wanyama wa huko, ana tikiti mkononi.

Kobe hakungoja kulia wala kulaumu. Akashika njia. Lakini njia ipi? Miiba ilikuwa imefunga kila mahali. Tembo na Nyati walikwisha kuhama kutafuta maji. Hapakuwa na wa kukanyaga mbele yake. Kobe akapita chini ya miiba, akakwama, akarudi nyuma, akazunguka. Kwaru. Kwaru. Miguu ikamchubuka. Akalala na njaa, akaamka na kiu. Wala hakusimama. Na ajabu ni hii, wenzangu: miguu ile iliyochekwa, katika miiba ile, ilimfikisha.

Alipoliona ziwa linang'aa, akaongeza mwendo. Kando ya maji alikuwepo Kiboko, anatafuna majani.

"Hodi, baba. Mimi mama yake Nyamizi. Nimekuja kumwona mwanangu."

Kiboko akaacha kutafuna.

"Wewe ndiye wa kuja na upepo?"

"Ndiye mimi."

"Pole, mama."

"Amekufa lini?"

"Si zamani sana. Migunga ilikuwa inatoa maua."

Kobe akageuza kichwa, akatazama nyika aliyotoka. Alikumbuka migunga ya njiani, maua yake yameshapukutika, yamekauka chini. Alikumbuka siku alipogeuka. Tangu siku ile mpaka maua yale, angeweza kuja ziwani, akarudi vilimani, akaja tena.

"Alikufa kivulini?" akauliza. "Alikuwa na maji karibu?"

Kiboko akatazama pembeni. "Kivuli alikuwa nacho, pale chini ya mti wa mtomondo. Maji yalikuwa karibu, na mumewe alikuwa anamletea majani. Akaja Mbayuwayu, akamwambia, mama yako atatokea pale kwenye uwazi mweupe. Tangu siku hiyo akakataa kukaa kivulini. Alisema, mama akitoka asihangaike kunitafuta. Akajiburuta mpaka pale. Tulimrudisha, akajiburuta tena. Jua la pale ni kali, mama. Pale hapana hata jani."

"Alikuwa anafanya nini pale?"

"Alikuwa ameweka sikio chini, anasikiliza."

Kobe akaenda. Kwaru, kwaru, mpaka kwenye uwazi mweupe. Akalikuta gamba la mwanawe. Lilikuwa tupu, limepauka, limelala kifudifudi juu ya ardhi iliyo nzima, ngumu, isiyo na shimo wala dalili ya shimo. Akaligusa kwa kichwa. Akaita, "Nyamizi." Akaita tena, "Nyamizi, nimefika." Kisha akalala kando yake, kwenye jua lile lile. Kiboko alimsihi aje majini. Mume wa Nyamizi alimsihi. Hakuondoka tena.

Nanyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, nawaambia waziwazi mafunzo yake. Atakuja mtu awaambie kuna njia mpya, ya kasi, inakaribia kwisha. Huenda anasema kweli, huenda hasemi. Msimkabidhi njia mliyo nayo. Ifyekeni, ipiteni, hata kama inapinda, na mwenye kuitwa na mgonjwa aondoke leo kwa miguu yake. Nguchiro hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule aliyekuwa na haraka ya kweli.

Hadithi yangu inakomea hapo, kwa Kobe na mwanawe. Laleni salama.