Siku Bi Kaa Alipobomoa Tuta la Bibi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wengine mmeitika macho yakiwa yamefumbwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa na kazi zao na ahadi zao, palikuwa na Bi Kaa, mtengeneza chumvi. Mama yake alitengeneza chumvi. Bibi yake alitengeneza chumvi. Walikuwa na majaruba saba, vile viwanja vya kukaushia maji ya bahari, nyuma ya mikoko, na mbele ya majaruba palikuwa na tuta refu la udongo wa mfinyanzi. Liliitwa Tuta la Bibi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Likija bamvua, yale maji makuu ya bahari, maji yanaingizwa majarubani. Kisha mlango wa tuta unazibwa, ndi! Bahari inarudi nyuma, jua linawaka. Maji yanakauka, yanakauka, mpaka chumvi inabaki chini, nyeupe. Kwaru, kwaru, kwaru, ukoo mzima unazoa.

Na chumvi ile haikuwa ya mchuzi tu. Ilikuwa uhai wao. Jirani yao alikuwa Fisimaji, na zamani Fisimaji alikula kaa. Kra! Kra! Gamba na nyama. Ndipo Bibi akamwendea, akamwambia, "Bwana Fisimaji, samaki wako wanaoza kwa kukosa chumvi. Nitakupa vikapu kumi kila mwezi ukiandama. Watie chumvi, uanike, ule ng'onda siku zote. Nawe usitutafune." Fisimaji akakubali. Tangu hapo, chumvi ikipatikana, kaa wanaishi.

Basi bahari ikabadilika. Haikubadilika kwa siku moja. Bamvua lililokuwa likikoma kiunoni mwa tuta likafika kifuani. La kifuani likafika shingoni. Siku moja, shwaa! likapita juu. Mvua nayo ikasahau majira yake. Ikanyesha katikati ya kiangazi, ikayeyusha chumvi iliyokuwa tayari kuzolewa.

Tuta likibomoka, Bi Kaa na ukoo wake wanalitengeneza. Beba udongo, shindilia. Beba udongo, shindilia. Linabomoka tena. Beba udongo, shindilia. Bi Kaa akachoka. Akachoka magando, akachoka miguu, akachoka hata kusema amechoka.

Mwezi ukaandama. Fisimaji akaja.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Fisimaji."

"Vikapu vingapi?"

"Vinne."

"Vinne!" Fisimaji akacheka kidogo. Akawatazama watoto wa Bi Kaa waliokuwa wakicheza topeni. "Loo, wamekua hawa! Na magamba yao bado laini." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Nakupa miezi miwili, Bi Kaa. Ukiandama wa pili, ama nione chumvi, ama nisahau nilichomwahidi bibi yako."

Akaenda zake, chubwi, majini.

Bi Kaa akaketi juu ya tuta. Kando yake alikuja Mjomba Gando, mzee aliyeitwa hivyo kwa sababu gando lake moja lilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Inuka, mwanangu," akasema Mjomba Gando. "Tuliongeze tuta kimo."

"Mjomba, Bibi alilitengeneza tuta hili mara ngapi?"

"Mara moja, ulipokuja ule upepo mkubwa."

"Na Mama?"

Mjomba akafikiri. "Mara nne."

"Mimi, tangu mwaka uanze, nimelitengeneza mara sita. Na mwaka haujaisha." Bi Kaa akavuta pumzi. "Hatutengenezi chumvi tena, Mjomba. Tunatengeneza tuta."

"Sasa unataka nini?"

"Tupande kule juu, kwenye uwanda mkavu."

"Kule? Kule hata kaa aliyepotea haendi! Maji utayatoa wapi, utayatema?"

"Tutayabeba kwa vifuu vya nazi."

"Na kule ni mchanga mtupu. Utamwaga maji, fyoo, yamezama! Udongo wa kuyashika utautoa wapi?"

Bi Kaa akapapasa udongo wa tuta. Alitazama chini, pale alipokaa. Mjomba Gando akafuata macho yake.

"Usithubutu," akasema.

"Bahari italichukua hata hivyo, Mjomba. Bora tulichukue sisi kwanza."

"Hili ni Tuta la Bibi!"

"Najua. Ndiyo maana nitaanza mimi."

Kesho yake asubuhi Bi Kaa akachimba. Akatoa udongo wake mwenyewe, uliokuwa bado mbichi. Akafika kwenye tabaka la Mama, lililokuwa na vishimo vya miguu ya Mama. Hapo akasimama kidogo. Kisha akalibandua. Akafika kwenye tabaka la Bibi, jeusi, gumu kama jiwe, lisilopitisha hata tone. Akalibandua nalo.

Ukoo ukamfuata. Chimba, pandisha. Chimba, pandisha. Lakini Mjomba Gando akakaa katikati ya tuta, akainua gando lake juu.

"Pita hapa nilipokaa, uone!"

Wakamzunguka. Wakachimba kulia kwake, wakachimba kushoto kwake, mpaka Mjomba akabaki juu ya kipande kimoja, kama kofia juu ya kigingi.

"Mjomba, shuka!"

"Sishuki!"

Bamvua likaja. Shwaa! Likaingia majaruba yote saba bila kubisha hodi. Bi Kaa akatazama kutoka juu. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia. Maji yakafika miguuni mwa Mjomba, yakafika tumboni, yakafika machoni. Kisha hakuonekana tena.

Watoto wakaita, "Mjomba! Mjomba Gando!"

Maji tu, shwaa.

Halafu wakamwona anapanda uwandani polepole, upande upande, tope mpaka kichwani. Katika gando lake kubwa alikuwa amebeba bonge la udongo mweusi. Akasimama mbele ya Bi Kaa. Hakumtazama.

"Niweke wapi?"

"Pale, Mjomba. Panapovuja."

Wakatandika udongo ule, wakapata majaruba manne, madogo. Wakabeba maji kwa vifuu, wakaenda, wakarudi. Wakasuka makuti ya kufunikia. Mvua ya kiangazi ilipokuja, Bi Kaa akapiga kelele, "Vuteni!" Wakavuta makuti, kwarara! Jaruba moja lilikosa makuti, chumvi yake ikayeyuka. Matatu yakapona.

Mwezi wa pili ukaandama. Fisimaji akaja. Akapanda uwandani akihema, hajazoea mlima. Akahesabu vikapu.

"Sita."

"Sita, Bwana Fisimaji. Kumi havitarudi, sikudanganyi. Lakini sita hivi, bamvua lije, mvua inyeshe, utavikuta."

Fisimaji akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Bi Kaa akasimama mbele yao, magando chini.

"Nikuambie jambo, usilitangaze," akasema Fisimaji mwishowe. "Vile vinne ulivyonipa, kimoja kilibaki. Maji yamepata joto, samaki wamekwenda mbali. Kumi ningetia wapi?"

"Mbona ulinitisha, basi?"

"Niliogopa, Bi Kaa. Mwenye hofu ya njaa kila jirani humwona mlo." Akajitwika kikapu cha kwanza. "Sita vya hakika vinanitosha. Ahadi ipo."

Alipokwisha kwenda, Bi Kaa akakunja miguu yote minane. Akaketi mchangani.

"Sasa tumefika," akasema Mjomba Gando. "Nyuma ya majaruba nitajichimbia shimo langu, nipumzike."

"Chimba ubavuni, Mjomba. Nyuma, upande wa bara, paachwe wazi."

"Pa nini?"

Bi Kaa akatazama chini, kule ambako palikuwa na majaruba saba. Maji yalikuwa yametulia, yanang'aa.

"Bahari haijasema imemaliza."

Mjomba Gando akaguna. Akaenda kuchimba ubavuni.

Ndugu zangu, mafunzo yake ni haya. Ukiona nguvu zako zote zinakwenda kwenye kuziba nyufa, kazi yako imeshakuacha, ifuate iliko. Vya wazee waliotutangulia tuvibebe, lakini tusikae juu yake maji yakipanda. Na ahadi ndogo unayoweza kuitimiza ni bora kuliko kubwa ya jana.

Ngano yangu naitua hapa. Aliye na nguvu na aibebe mbele.