Barua ya Taipu Kuhusu Ushuru wa Kigombe

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia, mzuri kuutazama, lakini ukiwa wa mpita njia ataukunja aende zake nao. Mastura wa Kigombe aliyajua hayo tangu utotoni. Kujua, hata hivyo, si kukumbuka.

Mwaka wa 1956 baraza lilitangaza ushuru kwa kila chakula kiuzwacho sokoni. Asiyelipa, jiko lake ling'olewe. Mastura alikuwa mjane, na wanawe watatu, Mwamvua akiwa wa kwanza, waliishi kwa jiko lake la samaki wa kukaanga.

Jirani yake Zebedayo, baba yake Eliudi, katekista mstaafu aliyemsomea barua zake miaka kumi na mitano bila hata kuomba dagaa, alikuja mbio.

"Mama Mwamvua, usiombe huruma. Uliza nani kawapa mamlaka! Bila idhini ya Gavana ushuru huu si sheria, na idhini hiyo nimeitafuta katika Gazeti la Serikali, haimo. Tuandike kabla siku thelathini za kupinga hazijapita."

Mastura akacheka hadi mwiko ukamponyoka. "Baba Eliudi, na miwani hiyo iliyofungwa kwa katani? Hakimu atadhani umetoroka shamba la mkonge!"

Akaenda Tanga kwa Sadalla, mwandishi wa barua mwenye tai nyekundu na taipu iliyolia kama mvua juu ya bati.

"Serikali haiulizwi, bibi," alisema Sadalla. "Hubembelezwa."

Barua ikatoka imependeza kama bibi harusi, na Mastura, asiyejua kusoma, akaipeleka mahakamani.

Siku ya kesi, hakimu aliisoma mara mbili. "Mama, unapinga ushuru au unaomba kupunguziwa?"

"Naupinga, bwana hakimu! Hauna idhini ya Gavana!"

"Humu umekiri kuwa ni wajibu wako kuulipa, unaomba nafuu tu. Nafuu sina uwezo wa kuitoa. Na siku za kupinga zilikwisha juzi." Akaikunja barua taratibu. "Swali hilo la idhini lingeandikwa humu, ningelazimika kulijibu."

Sadalla alitafutwa, alikwisha kunja taipu yake, kahamia Korogwe.

Ijumaa jiko liling'olewa. Zebedayo alikuja akashika upande mmoja wakalibeba hadi nyumbani.

"Baba Eliudi," Mastura alisema kwa sauti ndogo, "nicheke basi."

"Siwezi, Mama Mwamvua. Miwani imeingia moshi."

Jiko lilikuwa limepoa tangu asubuhi. Usiache mbachao kwa msala upitao.