Kidari cha Aliyeshuka kwa Upepo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura kuamua kesi wala fisi kuoa, ni zamani ya juzijuzi tu, ngozi ya mbuzi aliyechinjwa siku hiyo bado inakaliwa, palikuwa na kijana wa Kichagga aitwaye Elisaria. Alikuwa mpagazi wa mlimani. Wenyewe huitana wagumu, na Elisaria alikuwa mgumu kweli: gunia kichwani, begi la mgeni mgongoni, na bado anapiga mluzi.

Lakini alichoka kubeba. Alitaka kuongoza. Mzee Mlaki, kiongozi wa misafara, mtu aliyepanda mlima ule mpaka akaacha kuhesabu, alikuwa amemwambia, "Panda nami safari hii moja. Ukifika juu na kurudi salama, nitakusemea uwe kiongozi." Safari moja tu! Mama yake, ambaye hakuwa na mtoto mwingine, akaanza kunenepesha mbuzi ndani ya nyumba kwa majani ya migomba, akiingoja siku hiyo.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Siku ya kwanza, msituni, kifua kikamwasha. Akakohoa, akameza. Siku ya pili, penye vichaka vifupi, kifua kikambana. Akakohoa, akameza. Siku ya tatu, kwenye mawe matupu, akakohoa, akashindwa kumeza, akatema povu lenye rangi ya damu. Akaangalia huku na huku, akalifukia kwa kiatu. Alijua kwamba mgonjwa hushushwa, na anayeshushwa hasemewi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua tangu shuleni, ila alidhani ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Mgeni wao safari hiyo alikuwa binti mmoja aitwaye Jebiwott, Mkeiyo kutoka ng'ambo ya mpaka, kule kwenye ukingo wa bonde la Kerio ambako watu hujirusha hewani kwa miavuli mipana ya kitambaa, wakaelea kama tai. Nia yake ilikuwa apande kwa miguu, ashuke kwa upepo. Mwavuli wake ulikuwa na viti viwili vya mikanda, kwa kuwa alitaka kuruka pamoja na kaka yake. Kaka mtu akashikwa na jino siku ya kuondoka, akabaki mjini amevimba shavu. Mwavuli ukapanda bila yeye.

Aliyeubeba ni Kiwia. Na Kiwia, jamani, ni mtu wa utaratibu. Mnajua Wachagga na isale. Isale, mmea ule wa majani marefu, ndilo huonyesha mpaka wa shamba, na jani lake ndilo hupelekwa kuomba msamaha. Wagumu wa msafara ule walilitumia pia kwenye mizigo: kila mmoja alifunga jani lake kwenye gunia lake, kwa fundo lake, siku ya kwanza. Gunia lenye isale langu ni langu, lako siligusi. Hakuna kuulizana kuna nini ndani.

Walipofika kambi ya mwisho, mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu kwa siku mbili. Jebiwott akakata tamaa. "Hiyo kitu tuiache hapa," akasema. "Siwezi ruka kwa hii hali. Nitapanda tu nione juu, nikirudi niichukue."

Alfajiri Mzee Mlaki akalitoa gunia la mwavuli kwenye mizigo ya kupanda, akaliweka kando ya jiwe, na mahali pake akaweka gunia la hema, ambalo siku zote lilibebwa na mpishi, na mpishi alikuwa anabaki kambini. Magunia yote mawili rangi moja, uzito karibu mmoja. Ila mzee akasahau kuhamisha isale. Kiwia akaja, akaliona jani lake kando ya jiwe, akalitwika gunia lenye jani. Hema likabaki limelala chini kama mtu aliyesusa.

Wakapanda mchana kutwa. Karibu na kilele, pale walipokusudia kulala ili Jebiwott aone jua likichomoza, Kiwia akafungua gunia. Kukatoka kitambaa chekundu na kamba, kamba, kamba.

"Hema liko wapi?" akauliza Mzee Mlaki.

"Mimi nimebeba isale langu," akasema Kiwia.

Mzee alimtukana Kiwia matusi ambayo siyarudii hapa, maana kuna wakwe. Wakalala chini ya mwamba, wamejifunika kile kitambaa chekundu, meno yakigongana. Elisaria akakohoa, akameza. Akakohoa, akameza. Kufika asubuhi hakuweza tena kumeza.

Kulipopambazuka mawingu yalikuwa yameondoka, anga ni jeupe na theluji inaumiza macho, lakini yeye hakuyaona vizuri hayo. Aliona giza pembeni mwa kila kitu. Ndani ya kifua chake palikuwa na sauti ya uji unaotokota. Midomo ilikuwa ya bluu. Mzee Mlaki akaweka sikio mgongoni pake, akalitoa haraka.

"Maji yamejaa," akasema. "Dawa ni moja tu, kushuka."

Wakaita kwa redio. Wakajibiwa kwamba helikopta imeitwa mbali, pengine irudi alasiri. Kumbeba kwa machela ni kutwa nzima, na Elisaria hakuwa na kutwa nzima. Alijua. Hofu ilimkamata mahali ambapo pumzi haifiki. Alimfikiria mama yake akimkatia mbuzi majani.

Ndipo wote wakageuka, mmoja mmoja, wakalitazama gunia lenye isale.

Jebiwott akatikisa kichwa. "Sijawahi rusha mtu hawezi kukimbia. Hewa ya huku ni nyembamba. Mwavuli haishiki bila mbio, na mbio ni ya watu wawili. Tukianguka, tumeanguka wawili."

"Wewe kimbia kwa miguu yako," akasema Mzee Mlaki. "Miguu yake ni mimi."

Wakamfunga Elisaria kwenye kiti cha mbele, Jebiwott nyuma yake. Mzee akamkumbatia kiunoni, akamwinua. Mara ya kwanza wakakimbia, mwavuli ukainuka, ukalala. Mara ya pili wakakimbia, mwavuli ukainuka, ukayumba, ukalala. Mara ya tatu mzee alikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, miaka sitini na mitatu, kwenye mteremko wa theluji, na mtu mzima mikononi. Elisaria akasikia goti la mzee likilia ko! Akasikia mzee akipiga yowe. Kisha hakusikia ardhi tena.

Walikuwa hewani.

Jebiwott alishika kamba kwa vidole vilivyokuwa vikifa ganzi kimoja baada ya kingine, maana glavu zake nene hazikuruhusu kuzihisi kamba, naye alizivua. Chini yao barafu ikapita, mawe yakapita, vichaka vikapita. Na Elisaria, aliyekuwa ameanza kuagana na dunia, akahisi jambo la ajabu: pumzi iliingia. Kidogo. Kisha nyingine, ndefu zaidi. Kadiri walivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na tamu, na giza la pembeni likarudi nyuma kama moshi unaotolewa jikoni. Akalia. Hakuona haya kulia, nani amwone huko?

Lakini kupanda si kazi, kazi ni kutua. Juu ya vijiji mawingu yalikuwa bado yametanda, na katikati yake pana tundu moja. Ndani ya tundu, migomba, kahawa, miti, paa za mabati, na shamba moja tu lililovunwa mahindi. Jebiwott akaanza kuzunguka.

"Upepo wa chini unatoka wapi?" akauliza kwa sauti kubwa. "Nikishuka na upepo mgongoni, tutavunjika!"

Elisaria hakujua. Migomba ilikuwa ikicheza kila upande.

Shamba lile lilikuwa la Mama Manka. Na Mama Manka na mama yake Elisaria hawakuwa wamesalimiana kwa miaka miwili, kisa isale la mpakani ambalo kila mmoja alisema mwenzake amelisogeza. Mama Manka alikuwa ameinama akipanga mabua makavu ya mahindi, chakula cha ng'ombe wake wawili kwa kiangazi chote, aliposikia sauti kutoka juu. Akainua macho, akaona mwavuli mwekundu unazunguka. Mwaka uliotangulia mtu kama huyo alitua kwenye kahawa yake akavunjika mguu, na wakati anafungwa mguu alimwambia, "Mama, ningeona moshi tu, ningejua upepo."

Mama Manka hakujua ni nani yuko juu. Akatazama mabua. Akatazama mwavuli. Akatia kiberiti kwenye lundo lote.

Moshi ukapanda, ukalalia upande wa mto. Jebiwott akapiga kelele kwa lugha yao, akageuza mwavuli, akaja taratibu akiukabili upepo, wakatua kwenye mabaki ya mahindi wakiburuzwa hatua nne tano, wakasimama. Wazima.

Elisaria akakohoa, akatema. Akapumua. Alipoinua uso, mtu wa kwanza kumwona alikuwa jirani asiyesalimiana na mama yake.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," akasema Mama Manka, macho yamemtoka. "Pumua kwanza, salamu baadaye." Akamvua viatu kwa mikono yake. Bodaboda akaitwa, mgonjwa akawekwa kati, wakampeleka hospitali.

Juma la tatu Elisaria akarudi nyumbani, kifua kimekauka, anakula kwa wawili. Mama yake akamtoa mbuzi. Ah, furaha ya nyumba ile! Mama alikuwa akimgusa mwanawe begani kila anapopita, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Mbege, pombe ya ndizi, ikamiminwa. Ndugu wakaja.

Lakini kwao, mbuzi ana wenyewe. Kila kiungo kina mtu wake, na kidari ni cha yule anayeheshimiwa kuliko wote siku hiyo. Kidari hakikatwi mara mbili. Kikikatwa, heshima imetoka, imebaki nyama. Mama akampa mwanawe kisu. "Aliyepona ni wewe, mwanangu. Kidari ukitoe wewe."

Kiwia akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye neno. "Mimi sipendi makuu. Lakini bila gunia langu mngeruka na nini? Nilibeba, nikatukanwa, nikalala na baridi. Kidari ni changu."

"Ulikosea, ndugu yangu!" akacheka Jebiwott. "Hukubeba kwa kukusudia."

"Mvua nayo haikusudii," akasema Kiwia, "mbona mnaishukuru? Na wewe si ndiye uliyesema uachwe? Mimi nilikosea kuuleta. Wewe ulipatia kuuacha. Sasa tungekuwa wapi?"

Jebiwott akaonyesha vidole viwili ambavyo mpaka siku ile havikusikia moto wala baridi. "Sawa, nilisema. Lakini gunia halijui kuruka. Ningekataa, nani angenilaumu? Huyu si ndugu yangu, hata nchi yetu si moja. Niliweka maisha yangu kando ya yake kwa kamba moja."

Mzee Mlaki alikuwa amekaa, fimbo kati ya magoti. "Mimi sitapanda tena," akasema. "Daktari ameshasema. Goti langu liko kule kwenye theluji. Wenzangu mlitoa mlichonacho, mimi nimetoa nilichokuwa." Akailaza fimbo chini. "Ila nisidanganye mbele ya chakula. Kikohozi chake nilikisikia siku ya pili. Nikajifanya sikusikia. Nilitaka naye awe kiongozi."

Elisaria akaangalia chini. Kwa kweli aliyewaingiza wote katika baridi ile ni nani, kama si yeye aliyemeza?

Alikuwapo na Mama Manka. Alikuwa amesimama penye isale, upande wake wa mpaka, hadi mama yake Elisaria alipomletea kigoda mwenyewe. Watu wakamtazama.

"Mie sikuja kudai kidari," akasema Mama Manka. "Ng'ombe wangu wamekauka maziwa, basi. Mabua yangu yaliisha siku ile."

"Lakini ulituokoa, mama," akasema Elisaria.

"Sikujua ni wewe. Nimejiuliza usiku na mchana. Wangeniambia, huyo aliye juu ni mtoto wa huyu mama hapa, ningewasha? Sijui, mbe. Mungu ananiona, sijui."

Mama yake Elisaria akashika mdomo. Hakukasirika. Alijua kwamba na yeye, angeulizwa, asingejua.

Basi Elisaria akasimama, kidari kwenye jani la mgomba, mafuta yanamtiririka mkononi. Mbele yake mtu aliyemwokoa kwa kukosea. Mtu aliyemwokoa kwa kujihatarisha, baada ya kutaka mwavuli uachwe. Mtu aliyetoa goti lake, naye alinyamaza siku aliyopaswa kusema. Na mtu aliyechoma chakula cha ng'ombe wake kwa ajili ya asiyemjua, na hajui kama angechoma kwa ajili yake. Elisaria akavuta pumzi ndefu, pumzi tamu ya chini, kifua kikajaa bila kelele. Akapiga hatua ya kwanza.

Nami naishia kwenye hatua hiyo. Msiniambie wagawane, kidari nimeshawaambia hakikatwi. Wala msiniambie akile mwenyewe. Haya, nyinyi mnaopumua bure tangu asubuhi, semeni, nyama inapoa: je, nani alistahili kidari?