Kwa Nini Mkeka wa Bibi Harusi Hupigwa Kinubi

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini mkeka wa bibi harusi haukaliwi mpaka upigwe kinubi. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na bibi yangu.

Hapo kale nyimbo za kinubi zilirithiwa kama mashamba. Mtu alipiga alizoachiwa na baba yake, na hakuna aliyethubutu kuongeza wimbo wake mwenyewe. Mikeka ilikuwa mikeka tu. Watu waliitandika, wakaikalia, ikachakaa.

Zama hizo aliishi mpiga kinubi aliyeitwa Byabato. Mkewe, Kokutona, alikuwa msusi wa mikeka. Alichovya ukindu kwenye tope la mtoni ukawa mweusi, akauchemsha na magome ukawa mwekundu, kisha akakaa barazani akisuka. Jioni Byabato aliketi kando yake na kupiga nyimbo za wazee. Hakuitazama sana ile mikeka. Alidhani muda wa kuitazama upo.

Binti yao, Kemilembe, alipokuwa bado anatambaa, Kokutona alishikwa na homa. Alisuka hivyo hivyo huku akitetemeka, kwa kuwa mkeka aliokuwa ameuanza ulikuwa wa mwanawe. Alipomaliza pindo la mwisho, hakukaa sana akafariki. Byabato aliukunja mkeka, akauweka darini, na wala hakuufunua tena.

Miaka ikapita, Kemilembe akaposwa. Siku ya harusi wakwe walipokwisha kuketi, Byabato alishika kinubi aanze wimbo wa babu zake. Binti akamzuia mkono.

“Baba, hizo nimezisikia tangu utotoni,” alisema. “Leo naondoka. Nipigie wimbo wa mama.”

“Mama yako hakuacha wimbo, mwanangu.”

Kemilembe aliingia ndani, akautoa mkeka darini, akautandaza mbele ya baba yake. “Aliacha huu.”

Byabato aliutazama mkeka, hata wakwe wakaanza kutazamana. Kisha akainama. Palipopita ukindu mweusi aligusa uzi mnene. Palipopita mwekundu aligusa mwembamba. Palipoachwa bila rangi alitulia. Mstari kwa mstari, sauti ikatoka ambayo hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia. Akafika karibu na pindo, mahali ambapo msuko ulilegea na mistari ikapinda, akatambua kwamba hapo ndipo homa ilipompata mkewe. Hakuusawazisha. Aliupiga vilevile ulivyopinda, polepole, machozi yakidondokea nyuzi. Wanawake waliomjua Kokutona walijifunika nyuso kwa khanga.

Mkwe mmoja aliuliza wimbo ule ni wa nani.

“Ni wa mke wangu,” Byabato alijibu. “Nimechelewa kuusikia.”

Kemilembe aliukunja mkeka, akaondoka nao kwa mumewe.

Na tangu siku hiyo wapiga kinubi wa kwetu wakaacha kutegemea urithi peke yake. Hutunga kwa kutazama mikeka, vikapu na michoro ya kutani. Na mkeka wa bibi harusi hupigwa kwanza, msusi akiwa ameketishwa karibu, asikie mikono yake angali hai. Wangu alinisukia mama. Ulipopigwa aliinamisha kichwa kama mtu anayeitwa jina lake, na kila nikumbukapo harusi yangu, hicho ndicho ninachokiona.